Kabati la gemu la kujitengenezea: panga umeme kabla ya kukata ubao

Kabati la gemu ni sanduku la mbao linalosimama wima, lenye skrini usawa wa macho na, chini yake, ubao wenye vitufe na kijiti cha kuongozea mchezo. Ndani yake mna kompyuta ndogo, spika na taa ya kuangaza bango. Mchezaji analipa, anasimama mbele yake, anacheza, kisha anampisha mwenzake. Kijana mwenye msumeno, skrini ya mtumba na subira anaweza kulitengeneza mwenyewe, akaliweka dukani au kwenye banda la kunyoa nywele na kujipatia chochote jioni.

Mashine za aina hii zilianza kupata umaarufu mwaka 1972, pale kampuni ya Atari ya Marekani ilipoweka gemu lake la Pong katika baa moja ya mji wa Sunnyvale, California. Baada ya muda si mrefu simu ikapigwa kutoka baa kwamba mashine imekufa. Fundi alipoifungua alikuta haina ubovu wowote: sarafu zilikuwa zimejaa mpaka zikazuia mashine kufanya kazi. Gemu lilikuwa zima, ila sehemu ya kuwekea fedha haikupangiwa wateja wengi kiasi kile.

Kijijini, kitu kidogo ambacho hakikupangwa mara nyingi huwa ni umeme. Mtu hutengeneza kabati zuri, akalipaka rangi, na siku ya mwisho ndipo anauliza: sasa hili tunaliwashaje? Hapo ndipo nyaya nyembamba huunganishwa kwa mkono, betri ya gari huazimwa, na fyuzi iliyokatika hufungwa kwa kipande cha waya. Matokeo yake ni betri inayokufa mapema na kumeza faida yote, au mtoto anayepigwa shoti akiwa peku kwenye sakafu yenye unyevu.

Katika makala haya tunaeleza jinsi ya kupanga umeme wa kabati la gemu tangu mwanzo, kwa mwenye umeme wa gridi na kwa anayetegemea sola. Hesabu zenyewe ni za kujumlisha, kuzidisha na kugawanya. Chukua daftari.

Anza na hesabu ya wati

Maneno matatu yanatosha. Volti ni nguvu inayosukuma umeme, kama urefu wa mnara wa tangi la maji. Ampea ni wingi wa umeme unaopita kwenye waya, kama wingi wa maji kwenye bomba. Wati ni kazi inayofanyika, na hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea. Kifaa cha volti 12 kinachotumia ampea 2 kinakula wati 24.

Kila kifaa kina kibandiko nyuma au chini ya adapta yake. Soma palipoandikwa OUTPUT, yaani umeme unaotoka. Ukikuta 12V na 2A, adapta hiyo inaweza kutoa hadi wati 24. Kifaa chenyewe kwa kawaida hutumia pungufu ya hapo, lakini katika kupanga ni heri kukadiria juu kuliko chini.

Tuchukue mfano wa kabati moja dogo, ambao tutautumia hadi mwisho wa makala:

- Skrini ya LED ya inchi 19: wati 20
- Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4, pamoja na vitufe vyake: wati 10
- Amplifaya ndogo na spika mbili: wati 5
- Taa ya LED ya bango: wati 5

Jumla ni wati 40.

Hatua ya pili ni saa. Tuseme kabati linawashwa saa nane mchana na kuzimwa saa mbili usiku. Hizo ni saa 6. Wati 40 mara saa 6 ni wati-saa 240 kwa siku. Andika namba hii na uizungushie duara, kwa sababu ukubwa wa betri, paneli na bili ya mwezi vyote hutokana nayo.

Skrini ndiyo inayoamua gharama

Kwenye orodha yetu, skrini peke yake inachukua nusu ya umeme wote. Kwa hiyo usiinunue kabla ya kusoma kibandiko chake.

Televisheni ya zamani yenye mgongo mkubwa huuzwa bei rahisi, na wapenzi wa gemu za kale huisifia picha yake. Lakini ya inchi 21 inaweza kula wati 70 au zaidi. Ukiiweka mahali pa skrini yetu ya LED, jumla inaruka kutoka wati 40 hadi 90, na kwa saa 6 inakuwa wati-saa 540. Ulichookoa dukani utakilipa mara nyingi kwenye betri na paneli.

Televisheni hiyo ina hatari nyingine. Ndani yake mna volti zinazofika maelfu ya makumi, na chaji hiyo inaweza kubaki hata baada ya kuchomoa plagi. Usiivue kasha lake ili ienee kwenye kabati. Kazi hiyo ni ya fundi wa televisheni anayejua namna ya kuiondoa ile chaji kwanza.

Kwa anayetumia sola, skrini nzuri ni ile yenye adapta ya nje ya volti 12, au televisheni iliyotengenezwa kwa ajili ya sola. Skrini yenye adapta ya volti 19 inawezekana pia, ila itahitaji kifaa cha kupandisha volti. Skrini inayopokea waya wa ukutani moja kwa moja, bila adapta ya nje, itakulazimisha kuwa na inveta. Tutaona hapa chini kwa nini hilo ni mzigo.

Kanuni moja: umeme mkubwa usifike kwenye vitufe

Vitufe, kijiti, kompyuta na taa za LED vyote hufanya kazi kwa volti 5 au 12. Umeme wa volti hizo hauwezi kumuua mtoto anayeshika kitufe kwa mkono mkavu. Umeme wa ukutani, volti 230 Tanzania na 240 Kenya, unaweza.

Kwa hiyo gawa kabati lako vyumba viwili kwa kipande cha ubao. Chumba cha mbele na cha juu ni cha umeme mdogo: vitufe, kompyuta, spika na taa. Chumba cha chini na cha nyuma ni cha umeme mkubwa: waya unaoingia, soketi na adapta. Chumba hicho kifungwe kwa skrubu, si kwa bawaba na komeo ambalo mtoto anaweza kufungua. Asiwepo mteja anayeweza kuingiza mkono akagusa waya wa ukutani, hata akidondosha sarafu ndani na kuitafuta.

Kama una umeme wa gridi

Uzuri wa gridi ni kwamba kabati hili halili umeme mwingi. Wati-saa 240 kwa siku ni chini ya robo ya yuniti moja. Kwa mwezi wa siku 30 ni yuniti 7 na kidogo. Zidisha kwa bei ya yuniti unayolipa wewe na utajua gharama ya mwezi.

Kazi iliyobaki ni usalama. Yafuatayo ni ya lazima.

Waya mmoja tu uingie kwenye kabati. Usitoe nyaya tatu za skrini, kompyuta na spika nje ya kabati kila mmoja na plagi yake. Waya mmoja uingie, ufungwe kwa klempu kwenye ubao ili mtu akiukwaa na kuuvuta usichomoke ndani, kisha uende kwenye ekstensheni iliyopigwa skrubu sakafuni mwa kabati. Adapta zote zichomekwe hapo. Usichomeke ekstensheni juu ya ekstensheni nyingine.

Waya huo uwe na nyaya tatu ndani yake. Wa kahawia ni wa moto, wa bluu ni nyutro, na wa kijani chenye mstari wa njano ni wa ardhi. Kwenye nyaya za zamani utakuta mwekundu ukiwa wa moto na mweusi ukiwa nyutro. Waya wa ardhi usiukate kwa kuwa kifaa kinawaka bila huo. Kila chuma ambacho mteja anaweza kukigusa, kama kijilango cha sarafu au bati la ubao wa vitufe, kiunganishwe na waya huo. Waya wa moto ukichubuka na kugusa chuma, waya wa ardhi ndio unaoupa umeme njia na kufanya fyuzi ikatike. Usipokuwepo, umeme utapita kwenye mwili wa mchezaji.

Fyuzi ya plagi iwe ndogo. Plagi ya miguu mitatu ya mraba ina fyuzi ndani, na nyingi huuzwa na fyuzi ya ampea 13. Kabati letu la wati 40 halifikishi hata robo ya ampea moja kwenye volti 230. Weka fyuzi ya ampea 3. Inatosha hadi wati 690 na bado hukatika mapema kabla waya mwembamba haujashika moto. Fyuzi ya ampea 13 kwenye waya mwembamba inaweza kubaki nzima huku waya unaungua.

Jikinge na umeme unaporudi. Mara nyingi vifaa haviungui umeme unapokatika, bali unaporudi kwa kishindo. Kile kifaa cha kulindia televisheni kinachochomekwa kwenye soketi hukata umeme volti zikipanda au kushuka mno, na hungoja kidogo kabla ya kuurudisha. Kinafaa pia kwa kabati la gemu. Hata hivyo hakizuii radi. Ngurumo zikianza, zima na chomoa plagi.

Mwombe fundi mwenye leseni akague soketi utakayotumia na fito ya ardhi ya nyumba. Tanzania leseni hizo hutolewa na EWURA, na Kenya na EPRA. Muulize pia kuhusu swichi ya usalama ya miliampea 30, ile inayokata umeme mara moja unapovuja kwenda ardhini. Mahali ambapo watoto husimama peku, swichi hiyo huokoa maisha.

La mwisho kuhusu gridi: usivute waya kutoka kwa jirani ukapita juu ya njia au chini ya zulia la udongo. Hata mkikubaliana vizuri juu ya malipo, waya unaokanyagwa na mifugo na kunyeshewa mvua utachubuka siku moja, na hakuna atakayejua ni siku ipi.

Kama unategemea sola

Hapa namba yetu ya wati-saa 240 inaanza kufanya kazi.

Ongeza kwanza kinachopotea njiani. Nyaya na vifaa vya kubadilisha volti hula sehemu ya umeme. Gawanya 240 kwa 0.8 na utapata 300. Hicho ndicho kiasi ambacho betri itatoa kila siku.

Betri. Betri ya risasi na asidi, hata ile ya jeli iliyofungwa, haipendi kumalizwa. Ukiizoesha kutoa zaidi ya nusu ya uwezo wake kila siku, unafupisha maisha yake. Kwa hiyo zidisha 300 kwa 2: wati-saa 600. Gawanya kwa volti 12: ampea-saa 50. Hiyo inakutosha siku moja tu. Ukitaka kuvuka siku ya mawingu bila kufunga biashara, nunua ya ampea-saa 100.

Betri ya lithiamu ya aina ya LiFePO4 inaweza kutoa karibu asilimia 80 ya uwezo wake bila kuumia. Kwa kazi hii ya siku moja, ampea-saa 30 zinatosha, na 60 kwa siku mbili. Ni ghali zaidi kununua lakini hudumu miaka mingi zaidi. Hakikisha kidhibiti chako cha chaji kina mpangilio wa betri ya aina hiyo.

Betri ya gari haifai. Imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha kujazwa palepale. Ukiitumia saa 6 kila jioni itachoka ndani ya miezi. Ukikuta mtu anailaumu sola kwamba haidumu, muulize kwanza alitumia betri gani.

Paneli. Kujaza betri ya asidi nako kuna kupoteza, kwa hiyo gawanya 300 tena kwa 0.8: karibu 375. Katika maeneo mengi ya Afrika Mashariki unaweza kupanga kwa saa 4 za jua kali kwa siku, ingawa jua lenyewe huonekana saa 12. Gawanya 375 kwa 4: karibu wati 94. Paneli ya wati 100 itatosha wakati wa kiangazi. Ya 120 au 150 itakusaidia wakati wa masika. Paneli isifunikwe na kivuli cha mti au mlingoti, hata kwenye kona moja, kwa sababu kivuli kidogo kinaweza kupunguza sehemu kubwa ya umeme wake.

Inveta. Hiki ni kifaa kinachogeuza umeme wa betri wa volti 12 kuwa kama wa ukutani. Wengi huanza na hicho kwa sababu kinaruhusu kuchomeka chochote. Lakini fikiria kinachotokea: inveta inapandisha volti 12 hadi 230, halafu adapta ya skrini inazishusha tena hadi 12. Kila mara unapoteza. Tena inveta yenyewe hula wati kadhaa hata kama hakuna kilichowashwa. Mzigo wa wati 40 unaweza kuigharimu betri wati 50 au zaidi. Tena umeirudisha ile hatari ya volti 230 ndani ya kabati ambalo lingeweza kufanya kazi yote kwa volti 12. Kama skrini yako inaruhusu, achana na inveta.

Tahadhari moja: betri iitwayo ya volti 12 haikai kwenye 12. Inapochajiwa hupanda kupita 14, na inapoishiwa hushuka chini ya 12. Skrini iliyoandikwa 12V inaweza kuungua mchana jua linapokuwa kali. Weka katikati kifaa cha kutuliza volti, kile kinachotoa volti 12 sawasawa hata kama zinazoingia zinapanda na kushuka. Televisheni zilizotengenezwa kwa sola nyingi huvumilia mabadiliko hayo. Soma kibandiko kuhakikisha.

Waya na fyuzi

Kwenye volti 12, wembamba wa waya ni adui. Wati 40 kwenye volti 230 ni umeme mdogo sana unaopita, lakini wati hizohizo 40 kwenye volti 12 ni ampea 3 na theluthi. Waya mwembamba hupoteza volti njiani.

Tuseme betri iko mita 3 kutoka kwenye kabati. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo njia yote ni mita 6. Ukitumia waya mwembamba wa spika wa 0.5, unapoteza karibu volti 0.7. Betri yenye volti 12.2 inaonekana kwenye kabati kama 11.5, na skrini inaanza kuzimika wakati betri bado ina nusu. Ukitumia waya wa shaba wa 2.5, hasara ni kama 0.14 tu. Namba hizi 0.5 na 2.5 ni milimita za mraba, na ndizo zinazotajwa dukani.

Kutoka kwenye paneli hadi kidhibiti cha chaji, kama ni mita 10, tumia waya wa 4. Ule wa 1.5 utakupotezea zaidi ya volti 1 na nusu kila jua linapowaka, na paneli uliyoilipia wati 120 itafanya kazi kama ndogo zaidi.

Sasa fyuzi. Watu hudhani volti 12 haina madhara kwa sababu hairushi mtu. Ni kweli haikurushi, lakini nyaya mbili za betri zikigusana betri inaweza kumwaga mamia ya ampea kwa mara moja. Waya huwa mwekundu kama mkaa na ubao ukashika moto. Kwa hiyo fyuzi ya kwanza ikae kwenye waya wa chanya karibu kabisa na betri, ndani ya upana wa kiganja kilichonyooshwa. Kwa kabati letu, fyuzi ya gari ya ampea 7.5 inafaa.

Ndani ya kabati, gawa njia tatu, kila moja na fyuzi yake: ampea 3 kwa skrini, ampea 3 kwa kompyuta, ampea 2 kwa taa na spika. Faida yake ni kwamba taa ya bango ikipata shoti, mchezo unaendelea na wewe unajua moja kwa moja pa kutafuta ubovu.

Fyuzi ikikatika mara moja, ibadilishe. Ikikatika tena, kuna kosa: litafute. Usifunge waya wala karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi. Ukifanya hivyo, kitakachoungua safari ijayo ni kabati.

Kompyuta na kadi yake

Raspberry Pi 4 inahitaji volti 5 na adapta inayoweza kutoa ampea 3. Kwenye sola, tumia kifaa cha kushusha volti 12 hadi 5 chenye uwezo wa ampea 5, kisha pima kwa mita kabla ya kuchomeka kompyuta. Volti 5.1 ndiyo nzuri. Chaja za simu za kwenye gari mara nyingi huandikwa ampea nyingi lakini hushindwa mzigo ukizidi.

Ukiona alama ndogo ya radi kwenye kona ya skrini, kompyuta inalalamika kwamba volti zimeshuka chini ya 4.63. Usianze kulaumu programu ya gemu. Badilisha kwanza waya wa USB kwa mfupi na mnene zaidi.

Jambo jingine ni kuzima. Kompyuta hii huhifadhi kila kitu kwenye kadi ndogo kama ya simu. Ukikata umeme ghafla wakati inaandika, kadi inaweza kuharibika na kabati lisiwake kesho yake. Zima kwanza kupitia menyu, subiri taa ya kijani iache kuchezacheza, ndipo ukate swichi kuu. Weka nakala ya kadi hiyo nyumbani. Kwa kuwa umeme hukatika bila hodi, nakala hiyo itakuokoa siku nyingi za kazi.

Mahali pa betri na hewa ya kabati

Betri ya asidi isikae ndani ya kabati. Inapochajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka kwa cheche moja, na asidi yake huunguza macho na ngozi. Iweke kwenye sanduku lake lenye matundu, mahali pakavu ambapo watoto hawafiki, na funika vichwa vyake ili kisu au spana isidondokee hapo. Kama ni ya kuongezwa maji, tumia maji ya betri tu.

Unapounganisha kidhibiti cha chaji, anza na betri, kisha paneli. Unapofungua, anza na paneli, kisha betri. Ukikosea mpangilio huo unaweza kukiua kidhibiti siku hiyohiyo.

Kabati lenyewe linahitaji kupumua, hasa chini ya paa la bati. Toboa matundu chini kwa nyuma na mengine juu, hewa baridi iingie chini na ya moto itokee juu. Ziba matundu kwa wavu mdogo wa chuma. Panya wakiingia watatafuna maganda ya nyaya, na hapo shoti itatokea usiku wakati hakuna mtu.

Jaribu kabla ya kufungua biashara

Usiunganishe vyote kwa pamoja. Washa njia moja bila kifaa, pima volti na uhakikishe chanya na hasi ziko mahali pake, ndipo uchomeke kifaa. Rudia kwa kila njia.

Kisha liache liwake saa mbili mfululizo. Zima, kata umeme wote, halafu gusa adapta, viungio vya nyaya na mahali pa fyuzi. Vuguvugu si tatizo. Kiungio cha moto usichoweza kukishika kimelegea au waya wake ni mwembamba.

Kwa mwenye gridi kuna kipimo rahisi. Kabati la wati 40 linapaswa kukaa saa 25 kabla ya kula yuniti moja. Siku ambayo hakuna kingine kinachotumia umeme, soma mita kabla na baada. Kwa mwenye sola, pima betri asubuhi kabla jua halijaipata. Betri ya asidi iliyopumzika yenye karibu volti 12.7 imejaa. Yenye 12.2 imebaki nusu. Ukiikuta chini ya hapo asubuhi kadhaa mfululizo, punguza saa za kucheza au ongeza paneli, usisubiri betri ife.

Na tangu wiki ya kwanza, gawanya bei ya betri kwa miezi 24 na uweke kando kiasi hicho kila mwezi. Betri ya asidi itakufa siku moja hata ukiitunza vizuri. Fedha ikiwepo, utabadilisha betri na kuendelea.

Orodha ya kukaguliwa

Ihifadhi orodha hii kwenye simu, au inakili kwenye karatasi na kuibandika ndani ya mlango wa kabati:

- Wati zote zimejumlishwa na saa za kazi zimeandikwa.
- Umeme wa ukutani umefungiwa chumba chake kwa skrubu.
- Waya mmoja unaingia, umefungwa kwa klempu, na una waya wa ardhi.
- Chuma chote kinachoguswa kimeunganishwa na ardhi.
- Fyuzi ya plagi ni ampea 3. Kwenye sola, fyuzi iko karibu kabisa na betri.
- Betri si ya gari na haiko ndani ya kabati.
- Volti zimepimwa kabla ya kuchomeka skrini na kompyuta.
- Kuna swichi moja kuu ambayo mwangalizi yeyote anaijua na anaifikia bila kupita mbele ya wachezaji.

Jambo hilo la mwisho lifundishe kwa kila atakayekushikia zamu. Mtoto akipigwa na umeme, usimshike: kata swichi kuu au chomoa plagi kwanza, ndipo umguse. Kisha mpeleke kituo cha afya, hata kama anasema yuko sawa.